Poul la Cour: mwalimu wa kijiji aliyetafuta namna ya kuweka upepo akiba

Leo, zaidi ya nusu ya umeme unaotumiwa kila mwaka inchini Denmark unatoka kwa upepo. Inchi hiyo ndogo ya kaskazini mwa Ulaya inatajwa kila mara watu wanapozungumza juu ya umeme usiotoa moshi. Hata hivyo, wale wanaosimamia mtandao wake wa umeme wanapambana kila siku na jambo moja gumu: upepo haufuati saa za watu. Unaweza kuvuma usiku kucha wakati wote wamelala, kisha ukanyamaza jioni, saa ambayo kila nyumba inawasha taa na jiko.

Jambo hilo si jipya. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mwalimu wa shule moja ya kijijini alikwisha kuliona na akalifanya kazi ya maisha yake. Jina lake ni Poul la Cour. Hakutosheka na kutafuta namna ya kupata umeme kutoka kwa upepo. Alitaka kujua umeme huo utawekwa wapi mpaka siku ya upepo kunyamaza, na utawafikia namna gani wakaaji wa vijiji ambao hakuna kampuni iliyowafikiria.

Mtoto wa shamba, mtaalamu wa hali ya hewa

Poul la Cour alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nne mwaka 1846, karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, katika eneo la Jutland. Jina la ukoo wake lina asili ya Kifaransa, lakini familia ilikuwa ya Kidenmark kabisa, na baba yake alikuwa mwenyi shamba. Alikulia mahali ambapo bahari iko karibu na upepo hauna mlima wa kuuzuia. Sehemu kubwa ya Denmark ni tambarare, na vinu vya upepo vya kusaga nafaka vilikuwa sehemu ya mazingira ya kila siku.

Alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, akachukua masomo ya fizikia na hali ya hewa. Alimaliza mwaka 1869. Mwaka 1872 serkali ya Denmark ilipoanzisha taasisi yake ya hali ya hewa, yeye akawa naibu wa mkurugenzi. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Kazi hiyo ilimfundisha kuufahamu upepo kwa namba: unavuma kwa nguvu gani, unabadilika mara ngapi, siku ngapi kwa mwaka unatulia. Mambo hayo yalionekana kuwa ya ofisini tu, lakini yalikuja kumfaa sana baadaye.

Simu ya waya na gurudumu la sauti

Kabla ya upepo, la Cour alijulikana kwa jambo lingine. Wakati huo habari za hali ya hewa zilitumwa kwa telegrafu, ile simu ya waya iliyobeba maneno kwa alama. Waya mmoja ulibeba ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, na kutandika nyaya nyingi kuligharimu feza nyingi.

La Cour alitumia uma wa sauti, kile chuma chenye miguu miwili kinachotoa sauti moja tu kikigongwa. Aliona kwamba kila uma ukipewa sauti yake, ujumbe kadhaa unaweza kupita kwenye waya mmoja bila kuchanganyika, kwa sababu upande wa pili kila uma unaitikia sauti yake peke yake. Kutoka hapo alitengeneza gurudumu linaloendeshwa na mtetemo wa uma, ambalo linazunguka kwa mwendo usiobadilika. Kwa njia hiyo mashini mbili zilizo mbali ziliweza kuzunguka sawasawa. Huko Marekani, Patrick Delany alilitumia gurudumu hilo katika telegrafu yake ya kupitisha ujumbe mwingi kwa waya mmoja.

Lakini njia ya uvumbuzi ilikuwa na miiba. Wamarekani kama Elisha Gray na Alexander Graham Bell walikuwa wakitafuta jambo lile lile katika miaka ile ile, na ugomvi juu ya nani alitangulia ukafuata. La Cour, mtu wa inchi ndogo, hakupata utajiri kutokana na kazi yake. Watu wa kwao walibaki kumwita Edison wa Denmark, jina la heshima lisilojaza mfuko.

Kuacha mji mkuu

Mwaka 1878 alifanya jambo lililowashangaza wengi. Aliacha taasisi, akaacha Copenhagen, akaenda kuwa mwalimu Askov, kijiji kilicho kusini mwa Jutland, karibu na mpaka wa Ujerumani wa wakati ule.

Ili kuelewa uamuzi huo, lazima kujua hali ya Denmark wakati ule. Mwaka 1864 inchi hiyo ilishindwa vita na Prussia na Austria, ikapoteza majimbo ya Schleswig na Holstein. Mpaka ulisogea. Shule ya raia iliyokuwa katika mji wa Rødding ilijikuta upande wa Wajerumani. Mwaka 1865 walimu wake wakahamia Askov, ng'ambo ya mpaka mpya, wakaanza tena chini ya uongozi wa Ludvig Schrøder.

Shule hizo za raia zilitokana na mawazo ya N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mwandishi. Zilipokea vijana wa mashambani, wavulana kwa wasichana, waliokwisha kuwa watu wazima. Hazikuwa na mitihani. Lengo lilikuwa kwamba mkulima naye ajue historia, lugha na sayansi, ili asimame mbele ya mtu yeyote bila kuinamisha kichwa. Kwa taifa lililokuwa limepoteza ardhi, elimu ya wanakijiji ilichukuliwa kama njia ya kujenga upya kilichobaki.

La Cour aliingia katika kazi hiyo kwa moyo wote. Alifundisha hesabu na fizikia kwa njia yake mwenyewe: badala ya kuwapa wanafunzi kanuni za kukariri, aliwasimulia namna watu wa zamani walivyokutana na tatizo na walivyolitatua, hatua kwa hatua. Vitabu vyake vya historia ya hesabu na historia ya fizikia vilitokana na masomo hayo. Kile cha fizikia alikiandika pamoja na mwalimu mwenzake Jacob Appel.

Alibaki Askov kwa miaka 30, mpaka kifo chake.

Umeme wa matajiri na giza la vijiji

Katika miaka ya 1880 umeme ulianza kuwaka katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani. Ulizalishwa kwa mashini za mvuke zilizochoma makaa ya mawe, na ulifika mahali watu walipokuwa wengi na wenye feza. Kijiji chenye nyumba zilizotawanyika hakikumvutia mfanyabiashara yeyote.

La Cour aliona hatari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya inchi nzima: Denmark haikuwa na makaa ya mawe yake, wala mito mikali ya kuzungusha mashini. Kila kilo ya makaa ilinunuliwa nje. Ya pili ilikuwa ya mashamba: vijana walikuwa wakiondoka vijijini kwenda mijini, na wengine wakipanda meli kwenda Marekani. Kama nguvu mpya itabaki mijini, aliona, mashamba yatazidi kubaki nyuma.

Kitu kimoja tu Denmark ilikuwa nacho kwa wingi, nacho hakikununuliwa: upepo.

Hakuwa wa kwanza kugeuza upepo kuwa umeme. Mwaka 1887 mwalimu wa Uskoti, James Blyth, alijenga kinu kilichowasha taa za nyumba yake ya mapumziko katika kijiji cha Marykirk. Mwaka uliofuata, huko Cleveland, Marekani, tajiri Charles Brush alisimamisha kinu kikubwa nyuma ya jumba lake, na batri zilizojaa chini ya nyumba zikaweka umeme wake. Wote wawili walifaulu. Lakini kila mmoja aliwasha nyumba yake. La Cour alitaka kuwasha kijiji, na kisha vijiji vyote.

Kinu cha mwaka 1891

Mwaka 1891 serkali ya Denmark ilimpa msaada wa feza, na kinu cha majaribio kikajengwa Askov. Kwa nje kilifanana na vinu vya kusaga unga: mabawa manne yakizunguka juu ya jengo. Ndani hapakuwa na mawe ya kusagia. Palikuwa na dinamo, mashini inayogeuza mzunguko kuwa umeme.

Shida ya kwanza ilijitokeza mara moja. Upepo huja kwa mafungu: unasukuma kwa nguvu, unalegea, unasukuma tena. Jiwe la kusagia halijali. Dinamo inajali, kwa sababu ikizungushwa kwa mwendo unaopanda na kushuka, umeme nao unapanda na kushuka, na unaweza kuharibu vifaa.

La Cour alitengeneza chombo alichokiita kratostati. Kilikuwa na mikanda, magurudumu na uzito ulioning'inizwa. Uzito ulivuta mkanda kwa nguvu ile ile wakati wote. Upepo ulipozidi, mkanda uliteleza na nguvu ya ziada haikufika kwenye dinamo. Kilikuwa kifaa ambacho fundi yeyote wa kijiji angeweza kukielewa kwa kukitazama. Baadaye alikirahisisha zaidi.

Hivyo la Cour alishinda mabadiliko ya dakika kwa dakika. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: mabadiliko ya siku kwa siku. Kratostati haikuwa na la kufanya siku ambayo hewa imesimama kabisa.

Kuufunga upepo ndani ya pipa la gesi

Batri zilikuwepo tayari wakati huo. Zilitengenezwa kwa vipande vya madini ya risasi vilivyozamishwa katika asidi, karibu sawa na zile zinazowekwa ndani ya magari mpaka leo. Lakini zilikuwa za bei kali, nzito, na zilichakaa. La Cour akachagua njia nyingine ambayo ilionekana ya ajabu: kuugeuza umeme wa upepo kuwa gesi.

Njia yenyewe ilijulikana kwa wanasayansi. Ukipitisha umeme ndani ya maji yaliyotiwa kitu cha kuyasaidia kupitisha umeme, maji yanavunjika na kutoa gesi mbili. Upande mmoja hutoka hidrojeni, upande mwingine oksijeni, na hidrojeni ni mara mbili ya oksijeni kwa wingi. Hidrojeni inawaka. Mtu akiikusanya leo, anaweza kuichoma kesho au wiki ijayo. Gesi haijui kama nje kuna upepo au hakuna.

La Cour alifuata kazi ya Mwitaliano Pompeo Garuti, aliyekuwa ametengeneza vyombo vya kuvunja maji kwa kiasi kikubwa, akaifanyia majaribio Askov. Kisha likajengwa tangi la kuweka hidrojeni mita kubu 12. Mabomba yalipeleka gesi mpaka ndani ya shule.

Bado kulikuwa na kikwazo. Moto wa hidrojeni peke yake karibu hauonekani. Una joto kali lakini hautoi mwangaza. Kwa hiyo taa za Askov zilichoma hidrojeni pamoja na oksijeni, na moto huo ulielekezwa kwenye kitu kigumu kisichoyeyuka, mpaka kitu hicho kikawa cheupe kwa joto na kumulika chumba.

Kuanzia mwaka 1895 shule ya Askov ilimulikwa kwa njia hiyo. Wanafunzi, watoto wa wakulima, walisoma usiku kwa mwangaza wa upepo uliokuwa umevuma siku zilizotangulia. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 7.

Vioo vilivyovunjika

Majaribio hayo hayakuwa bila hatari. Hidrojeni na oksijeni zikichanganyika kabla ya wakati wake, cheche ndogo inatosha kulipua. Mara kadhaa oksijeni kidogo iliingia ndani ya hidrojeni na mlipuko ukatokea. Madirisha ya majengo ya shule yalivunjika na kubadilishwa.

Tatizo lingine lilikuwa la hesabu, na hili ndilo lililoamua mambo. Kila mara nguvu inapogeuzwa kutoka namna moja kwenda nyingine, sehemu yake inapotea kama joto. Upepo kuwa mzunguko, mzunguko kuwa umeme, umeme kuwa gesi, gesi kuwa mwangaza: kila hatua inakata ushuru wake. Kwa taa peke yake, hasara hiyo iliweza kuvumiliwa. Lakini mkulima alihitaji pia kuzungusha mashini ya kupura nafaka na kupiga maji. Kwa kazi hiyo ingebidi gesi iendeshe injini. La Cour alilijaribu wazo hilo, lakini hakufika kwenye injini ya kutumika kijijini.

Wakati huo batri za risasi zilikuwa zimeendelea. Zilirudisha sehemu kubwa ya umeme uliotiwa ndani yake, na ziliutoa kama umeme, tayari kwa taa na kwa mashini. Mwaka 1902 la Cour aliweka kando gesi yake. Kituo cha Askov kikawa kituo cha umeme cha kijiji, kikiwa na kinu, batri, na injini ya petroli kwa siku ambazo upepo umekataa na batri zimeisha.

Injini hiyo inasema mengi juu ya mtu huyo. Alikuwa ametumia zaidi ya miaka 10 kutafuta namna ya kuuamini upepo peke yake. Alipoona hesabu hazikubali, hakung'ang'ania. Kwake jambo la maana lilikuwa kwamba mwanakijiji abonyeze na taa iwake, hata kama usiku fulani taa hiyo imewashwa na petroli.

Mabawa machache, mwendo wa haraka

Sambamba na swali la akiba, alikuwa akichunguza kinu chenyewe. Kinu kinachotoa nguvu zaidi hata kwa upepo mdogo kinapunguza siku za kutegemea batri.

Kwa kuwa upepo wa nje haungoji mtu apime, alitengeneza wake. Alichukua bomba kubwa, akaweka feni ya kusukuma hewa ndani yake, na mbele akaweka mabawa madogo ya mfano. Aliyapima kwa mwinamo tofauti, kwa umbo tofauti, kwa idadi tofauti. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kufanya majaribio ya namna hiyo, miaka kadhaa kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

Aligundua kwamba upepo hausukumi tu bawa kutoka mbele. Upande wa nyuma kuna mvuto unaosaidia kulizungusha. Aligundua pia kwamba kwa kazi ya umeme, mabawa machache yanayozunguka haraka yanashinda mabawa mengi yanayozunguka polepole. Hilo lilikwenda kinyume na vile watu walivyozoea kuona, maana vinu vingi vya Marekani vya kuvuta maji vilikuwa na mabawa mengi kama maua, na kile cha Brush kilikuwa na 144.

Mwaka 1897 kinu cha pili, kikubwa zaidi, kilisimamishwa Askov. La Cour alitangaza matokeo yake katika vitabu vilivyotoka mwaka 1900 na 1903, ili watengenezaji wa vinu wayatumie.

Mafundi wa vijijini

Mwaka 1903 alisaidia kuanzisha shirika la umeme wa upepo la Denmark. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wanakijiji waliotaka kituo chao: kinu cha ukubwa gani, batri ngapi, waya upite wapi, na gharama zigawanywe namna gani. Wakulima wa Denmark walikuwa wamezoea kushirikiana. Tangu mwaka 1882 walikuwa wakijenga viwanda vya maziwa vya ushirika. Kituo cha umeme cha kijiji kiliweza kufuata njia hiyo hiyo.

Lakini kituo bila fundi ni chuma tu. Batri za risasi zinahitaji kuangaliwa maji na asidi yake, dinamo inahitaji kusafishwa, waya unakatika. Fundi wa mjini hataki kuishi kijijini, na akiitwa kila mara anagharimu. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1904 la Cour alifungua Askov mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini. Vijana wa mashambani walifundishwa nadharia na kazi ya mikono, kisha wakarudi kwao kuangalia vituo na kutandika nyaya ndani ya nyumba za jirani zao.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Johannes Juul, aliyefika Askov mwaka 1904 akiwa hajatimiza miaka 20. Jina lake litarudi.

Kifo, na kilichofuata

Poul la Cour alifariki Askov tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1908, siku chache baada ya kutimiza miaka 62. Hakuona matunda makubwa ya kazi yake.

Matunda hayo yaliiva wakati wa shida. Vita Vikuu vya Kwanza vilipolipuka mwaka 1914, makaa na mafuta yakawa adimu na bei ikapanda. Vijiji vilivyokuwa na vinu vikaonekana kuwa vimefanya hesabu nzuri. Kufikia mwaka 1918, vituo vipatavyo 120 vya umeme vya Denmark vilikuwa na kinu cha upepo. Vingi vilitoa kati ya kilowati 20 na 35. Vyote pamoja vilikuwa na karibu megawati 3, yaani karibu asilimia 3 ya umeme wa inchi wakati ule.

Kisha amani ikarudi, na makaa pamoja na mafuta yakashuka bei. Vituo vikubwa vya mijini vilianza kufikisha nyaya zao vijijini, na umeme wao haukutegemea hali ya hewa. Kimoja kimoja, vinu vikanyamaza. Mwaka 1929 kinu kikubwa cha Askov kiliteketea kwa moto.

Wazo halikuteketea. Johannes Juul, yule mwanafunzi wa mwaka 1904, alifanya kazi ya umeme maisha yake yote. Mwaka 1957, akiwa tayari mzee, kinu alichokichora kilianza kutumika Gedser, kusini kabisa mwa Denmark. Kilikuwa na mabawa matatu na uwezo wa kilowati 200, na kiliunganishwa moja kwa moja na mtandao wa umeme. Kilifanya kazi kwa karibu miaka 10 bila matengenezo makubwa. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 na inchi nyingi zikaanza kutafuta njia nyingine, kinu cha Gedser ndicho kilichokuwa cha kutazamwa. Vinu vikubwa vya leo, vyenye mabawa matatu, vinafuata ukoo huo.

Swali alilolianza

Upande wa akiba, Denmark haikupata jibu moja. Ilipata kadhaa, na kila moja linagusa jambo ambalo la Cour alilijaribu au alilikosa.

Jibu la kwanza ni jirani. Tangu miaka ya 1970, nyaya zilizolazwa chini ya bahari zinaiunganisha Jutland na Norwe, inchi ya milima na mabwawa. Upepo ukivuma kwa nguvu, umeme wa Denmark unakwenda Norwe, na Wanorwe wanafunga maji yao nyuma ya mabwawa. Upepo ukitulia, maji yanafunguliwa na umeme unarudi. Bwawa la jirani linafanya kazi ya batri. Nyaya nyingine zinakwenda Sweden, Ujerumani, Uholanzi na Uingereza.

Jibu la pili ni joto. Miji mingi ya Denmark inapasha nyumba zake kwa maji ya moto yanayopita ndani ya mabomba chini ya barabara. Umeme wa upepo ukizidi, unachemsha maji, na maji hayo yanawekwa ndani ya matangi makubwa. Maji ya moto ni akiba ya bei rahisi kuliko batri.

Jibu la tatu ni batri zenyewe, ambazo bei yake imeshuka sana katika miaka ya karibuni. Hapa historia inagusa udongo wa Congo, kwa sababu aina kadhaa za batri za sasa zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Aina nyingine zinazowekwa kwenye mitandao ya umeme hazitumii kobalti tena, na mashindano kati ya aina hizo yanaendelea. Lakini batri inafaa zaidi kwa saa chache. Kwa wiki mbili za baridi bila upepo, bado ni ghali mno.

Ndiyo sababu jibu la nne limerudi mezani: hidrojeni, ile ile ya pipa la Askov. Serkali na makampuni ya Ulaya sasa yanajenga mitambo ya kuvunja maji kwa umeme wa upepo. Hesabu iliyomshinda la Cour haijabadilika sana. Umeme ukigeuzwa gesi na kurudishwa kuwa umeme, zaidi ya nusu inapotea njiani. Lakini gesi inaweza kukaa miezi, na inaweza kutumika moja kwa moja katika viwanda vya chuma na vya mbolea bila kurudishwa kuwa umeme. Kwa kazi hizo, hasara inapungua.

Askov leo kuna makumbusho yenye jina la Poul la Cour, ndani ya eneo alilofanyia majaribio. Wageni wanaofika hapo wanaona mambo aliyoyaacha. Mengine hayawezi kuwekwa ndani ya makumbusho: mafunzo ya mafundi wa vijijini, mashauri kwa wakulima waliounganisha feza zao, na uamuzi wa mtu aliyekuwa na cheo mjini kwenda kuishi pale penye giza. Tangi lake la mita kubu 12 liliwasha shule moja tu. Ila vijana wa kijiji waliosoma chini ya taa zake walikwisha kuona kwa macho yao kwamba upepo wa Jumatatu unaweza kumulika kitabu Alhamisi.